Kivuli kina majina matatu: jinsi ya kutenganisha maneno ya Kiingereza yanayotuchanganya

Kijana mmoja aliingia dukani kwangu Jumatatu asubuhi akiwa na flashi na bahasha ya vyeti. "Shikamoo mama. Naomba uniprintie hii barua, halafu nitolee vivuli vitatu vitatu vya kila cheti." Nikafungua barua. Alikuwa anaomba kazi ya kutunza stoo. Aya fupi, maneno ya adabu, hakuna mbwembwe. Mstari wa mwisho kabla ya sahihi ulisema: "I have attached three shadows of my certificates."

Sikucheka, nawe nakuomba usicheke. Alikuwa amefanya kile tulichofundishwa wote: kachukua neno la Kiswahili, kaenda kwenye kamusi, kakuta kivuli ni "shadow". Kamusi haikumdanganya. Ila kivuli kwetu kina kazi tatu. Kuna kivuli cha mwembe, tunachokimbilia jua la mchana likiwaka. Hicho Waingereza wanakiita "shade". Kuna kivuli chako wewe, kinachokufuata ardhini kikiwa na umbo lako. Hicho ndicho "shadow". Na kuna kivuli cha cheti, kinachotoka kwenye mashine yangu kikiwa bado na joto. Hicho ni "copy". Kijana alipewa jina la kivuli cha pili, akalivisha kivuli cha tatu.

Steshenari yangu iko Tandika, hatua chache kutoka sokoni. Nachapa barua za watu tangu 1998. Nilianza kwa taipureta, nikiwa msaidizi wa mzee mmoja aliyekuwa na meza yake mjini, karibu na mahakama ya Kisutu. Barua za kuomba kazi, za likizo, za kudai mafao, za kumsihi mwenye nyumba avumilie hadi mwisho wa mwezi, nimezichapa kwa maelfu. Na nilichokiona ni kwamba makosa yanayomgharimu mtu mara nyingi si ya sarufi. Ni maneno mawili yanayokaa jirani, na mtu kagonga mlango wa nyumba ya pili.

Sababu naijua kwa kuwa nami nilipita njia hiyo hiyo. Wengi wetu tulisoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili. Unaingia kidato cha kwanza, na kuanzia historia hadi biolojia kila kitu ni Kiingereza. Hakuna muda. Unakariri: mkono ni "hand", safari ni "journey", kushinda ni "win", neno moja kwa neno moja, na unaondoka shuleni ukiamini kila neno lina pacha wake mmoja tu upande wa pili.

Kwa hiyo wateja wangu wenye muda wa kukaa kwenye benchi huwa nawaelekeza hivi. Usianze kwa kuuliza neno hili kwa Kiingereza linaitwaje. Andika kwanza sentensi yako nzima ya Kiswahili, kisha jiulize neno lile linafanya kazi gani hapo. Kamusi itumie mara mbili: anza na ya Kiswahili kwenda Kiingereza, ukipata neno, ligeuze, ulitafute kwenye ya Kiingereza kwenda Kiswahili. Kijana yule angeligeuza "shadow" angekuta habari za mwanga uliozuiwa na kitu, asingekuta habari za vyeti, na hapo angeshtuka. Mwisho, weka daftari dogo, na humo usiandike neno peke yake. Andika sentensi mbili, ya Kiswahili juu na ya Kiingereza chini, tena sentensi ya maisha yako mwenyewe, yenye mtaa wako na watu wako.

Kitu kinatoka kwa nani?

Sasa niseme jambo ambalo natamani ningeambiwa nikiwa na miaka 14. Tofauti nyingi za Kiingereza zinazotutoa jasho, Kiswahili kinazo tayari. Tunazibeba kwenye mkia wa kitenzi.

Mama mmoja mweka hazina wa kikoba aliniletea taarifa ya kikundi chao. Alikuwa ameandika kwamba kikundi "borrowed" mwanachama shilingi 500,000. Nikamuuliza, "Shoga, kikundi kilikopa au kilikopesha?" Akashangaa. "Kilikopesha, jamani, mimi mwenyewe ndiye niliyehesabu hela." Basi. Kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend". Hilo "-esha" letu linasema hela inatoka mkononi mwangu kwenda kwako. Ukikopa, unakopa kutoka kwa mtu, na "borrow" hupenda kufuatwa na "from": "I borrowed 500,000 shillings from the group." Ukikopesha, unampa mtu, na "lend" hupenda "to": "The group lent 500,000 shillings to a member." Wakati uliopita ni "lent", na wanaochanganya herufi L na R waiangalie hiyo mara mbili, maana "rent" ni kodi ya nyumba.

Kinachotuchanganya hapa Dar ni kuazima. "Nimeazima ngazi kwa jirani." "Jirani kaniazima ngazi." Neno ni moja, na ngazi inakwenda pande mbili. Ndiyo maana mtu anakuja kaunta kuomba kalamu na kusema "borrow me your pen". Dawa yake ni hii: kila sentensi yenye kuazima, kabla hujaivusha, igeuze kwanza iwe kukopa au kukopesha. Itasikika vibaya kidogo, maana ngazi hatukopeshani, lakini itakuonyesha njia.

Ukishashika hilo, mlango mzima unafunguka. Kukumbuka ni "remember", kukumbusha ni "remind". Kwa hiyo "please remind me to pay", nikumbushe nilipe. Usiandike "remember me to pay". Tena ujue kwamba "remember me to your mother" ipo, na maana yake ni nisalimie mama yako, jambo jingine kabisa. Kujifunza ni "learn", kufundisha ni "teach". Nauli zimepanda: "fares have risen". Wamiliki wa daladala wamepandisha nauli: "the owners have raised the fares". Kitu kikipanda chenyewe ni "rise", kikiwa na mtu nyuma yake anayekisukuma juu ni "raise". Mtoto amelala kitandani, "lie". Mama amemlaza mtoto, "lay". Keti na ketisha, "sit" na "set".

Hebu ziangalie hizo jozi tena. "Rise" na "raise", "lie" na "lay", "sit" na "set". Zinafanana kwa umbo kama panda na pandisha, lala na laza. Haikutokea kwa bahati. Zamani sana, katika lugha mama ya Kiingereza, kilikuwepo kiambishi cha kusababisha kilichofanya kazi ile ile ya "-sha" yetu. Karne zikapita, kiambishi kikamezwa, kikaacha alama kwenye irabu tu. Anguka ni "fall", na kuangusha mti ni "fell a tree", hivyo hivyo mpaka leo. Hata "drench", kulowesha chapachapa, mwanzo wake ni kumfanya kiumbe anywe, yaani kunywesha, kutoka "drink". Mimi nilipolijua hili nilikuwa mtu mzima na watoto wawili, na bado nilifurahi kama nimeokota kitu. Lugha ile tuliyoogopeshwa nayo darasani iliwahi kuwa na mkia kama wa kwetu.

Angalizo moja tu. "Lie" ya kulala, wakati uliopita, hugeuka kuwa "lay": "yesterday I lay in bed all day". Kwa hiyo unaweza kuiona "lay" ukadhani ni ya kulaza kumbe ni ya kulala jana. Ya kulaza nayo huwa "laid". Hapa hata wenye lugha yao hukosea, usijilaumu sana.

Kwenye mambo ya nyumba Kiingereza nacho huchanganya. Sisi tunasema nimepanga na nimepangisha, hakuna ubishi. Wao wana "rent" inayokwenda pande zote mbili, kama kuazima kwetu. "I rent a room" mara nyingi ni mpangaji anasema, lakini mwenye nyumba naye anaweza kulitumia. Ukitaka kumwondolea msomaji shaka, mpangaji aandike "rent from", mwenye nyumba aandike "rent out" au "let". Bango la "To Let" kwenye jengo maana yake ni inapangishwa. Na vitu vya muda mfupi kama ukumbi wa harusi, maturubai, viti na magari ya kukodi, Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho tunachofuata, hutumia "hire".

Kuleta na kupeleka sina la kukufundisha, unavyo. "Bring" ni leta huku niliko, "take" ni peleka kule.

Pale Kiswahili kinapokusanya

Kundi la pili ni gumu zaidi kwa sababu lugha yetu haikupi msaada. Kiswahili kimekusanya mambo kwenye neno moja, Kiingereza kimeyatawanya. Hapa inabidi uchore picha kichwani.

Mzee mmoja fundi ujenzi alianguka kutoka jukwaani akavunjika mkono. Alijiandikia mwenyewe barua ya kudai fidia, akanipa niichape tu, nami siku hiyo nilikuwa na foleni nikachapa bila kuuliza. Kaandika "my left hand was broken". Ripoti ya daktari ilitaja mfupa wa juu ya kiwiko. Waliopokea madai wakarudisha faili wakisema maelezo ya mdai hayalingani na ripoti ya daktari. Akapanda gari mara tatu kwenda kueleza, na mkono ukiwa kwenye bendeji ngumu. Tangu siku ile sichapi barua ya ajali bila kumwambia mtu anionyeshe kwa kidole.

Kwa hiyo shika hivi. Kutoka bega hadi kifundo cha mkono ni "arm". Kutoka kifundo hadi ncha za vidole, sehemu inayoshika kalamu, ni "hand". Mguu vilevile: kutoka nyonga hadi kifundo cha mguu ni "leg", na sehemu inayoingia kwenye kiatu ni "foot". Kidole cha mkono ni "finger", cha mguu ni "toe", na dole gumba la mkono lina jina lake, "thumb". Ukiwa hospitali, ukiwa polisi, ukiwa unajaza fomu ya bima, tofauti hizi zina uzito wa hela.

Kodi nayo iangalie sana. Kodi ya chumba ni "rent". Kodi ya serikali ni "tax". Nimewahi kuandikiwa barua ya mpangaji kuomba msamaha kwa kuchelewesha "house tax", na ukiisoma unaweza kudhani anadaiwa kodi ya majengo. Hapo hapo niunganishe malipo mengine, maana huwa yanagongana: ada ya shule ni "fees", nauli ni "fare", faini ni "fine". Mshahara wa mwezi huitwa "salary". Malipo ya siku au wiki, kama ya kibarua, ni "wage".

Mgeni ana sura nne. Uliyemwalika nyumbani au aliyelala hotelini ni "guest". Aliyekuja tu kutembelea ofisi, akajiandikisha getini, ni "visitor". Usiyemjua kabisa ni "stranger". Aliyetoka nchi nyingine ni "foreigner". Mgeni rasmi wa mahafali ni "guest of honour", na nalisema hili kwa sababu nimewahi kusahihisha kadi iliyosema "official stranger" dakika chache kabla ya kadi mia mbili kutoka.

Kushinda kuna jambo lake, na mfano wake mnaujua wote. Novemba 5, 2023 Yanga iliifunga Simba mabao 5-1. Kiswahili kinasema Yanga iliishinda Simba, na Yanga ilishinda mechi. Kiingereza hakikubali kitenzi kimoja hapo. Unashinda mechi, kombe, zawadi au kesi: "win". Unamshinda mtu au timu: "beat". Kwa hiyo "Yanga beat Simba" na "Yanga won the match". Ukiandika "Yanga won Simba" msomaji atafikiri Simba ilikuwa zawadi mezani. Kushinda mtihani ni "pass". Na kushinda nyumbani tangu asubuhi ni "spend the day at home". Huko hakuna aliyeshindana na mtu.

Kusikia sisi tunasikia kwa mwili mzima. Tunasikia sauti, harufu, baridi, njaa, maumivu. Waingereza wanagawa: sauti ni "hear", harufu ni "smell", baridi na maumivu ni "feel". Kusikiliza kwa makusudi ni "listen", na hapo mkia wa kitenzi chetu umekusaidia tena.

Safari inaniuma kidogo, kwa sababu ni neno letu walilolichukua. Lilitoka Kiarabu likawa letu, wakaja wakalibeba, na huko kwao likabaki na maana moja: kwenda mbugani kutazama au kuwinda wanyama. Dereva mmoja aliandika kwenye maelezo ya kazi zake za awali kwamba kwa miaka miwili alikuwa "on safari" kati ya Dar es Salaam na Mbeya. Yeye alikuwa anaendesha lori la saruji. Msomaji wa Kiingereza atamwona yuko na watalii na simba. Tukasahihisha. Kwenda na kurudi kwa shughuli fulani ni "trip": "I made two trips to Mbeya every week." Mwendo wenyewe wa kutoka hapa kufika pale, saa zake na uchovu wake, ni "journey". Kusafiri kama tendo kwa ujumla ni "travel", na hilo huwezi kusema "a travel" kama unavyosema safari moja. Ya baharini, ndefu, ni "voyage", ingawa safari ya kivuko cha Kigamboni haifiki huko. Hiyo ni "crossing".

Na pole. Kiingereza kimeweka pole na samahani karibu kwenye "sorry" moja, ndiyo maana mgeni akijikwaa ukamwambia "sorry", anakujibu kwamba si kosa lako. Alisikia samahani, wewe ulisema pole. Kwenye barua ya msiba "I am sorry for your loss" ni sahihi, na inapokelewa kama pole. Ila pole na kazi usijaribu kuitafsiri kabisa. Haina pacha. Iache kwa Kiswahili, au sema neno jingine la upole.

Kidogo kinachokupunguzia

Hili nalieleza kwa kila anayeomba kazi. "I have little experience." "I have a little experience." Tofauti ni herufi moja. Ya kwanza inasema uzoefu wangu ni mdogo mno, karibu sina. Ya pili inasema ninao, si mwingi, lakini upo. Ya kwanza ni kukiri, ya pili ni kujieleza. Vivyo hivyo kwa vitu vinavyohesabika: "few people came" ni malalamiko, walikuja wachache mno; "a few people came" ni taarifa, walikuja watu kadhaa. Kiswahili "kidogo" na "wachache" hutegemea sauti ya msemaji, na karatasi haina sauti.

Lakini ushauri wangu kwa anayeomba kazi ni kuachana na zote mbili. Taja muda. "I worked as a storekeeper for eight months." Miezi minane ni miezi minane, haipunguzwi na herufi.

Kuna na "mpaka". Kazi inatakiwa iwe imefika Ijumaa, au siku yoyote kabla: hiyo ni "by Friday". Nitakuwa Dodoma kila siku hadi Ijumaa: hiyo ni "until Friday". Ukimwahidi mteja "I will deliver the goods until Friday" umemwambia utakuwa unashusha mizigo mfululizo hadi siku hiyo. Kwenye Kiswahili jizoeze kusema "kufikia Ijumaa" kwa lile la kwanza, na "by" itakuja yenyewe.

Saa ya usaili pia. Barua ikisema "8:00 a.m." ni saa mbili asubuhi. Watu wazima na digrii zao wamefika saa nane mchana. Andika pembeni kwa penseli mara tu unapoipokea.

Yanayofanana sura tu

Kundi la mwisho halina maana ya kubishania, ni macho tu. Nikianza na la dukani kwangu: "stationery" yenye e ni karatasi, kalamu na bahasha, "stationary" yenye a ni kitu kilichosimama mahali pamoja, kama daladala kwenye foleni ya Mbagala. Kukumbuka, tazama e ya "envelope". Yana ukoo mmoja hayo. Ulaya ya zamani muuza vitabu mwenye kituo chake cha kudumu aliitwa kwa kituo hicho, kumtofautisha na mchuuzi wa kutembeza. Yaani steshenari ni yule asiye machinga. Napenda kulijua hilo kila ninapofungua mlango asubuhi.

"Principal" ni mkuu wa chuo, "principle" ni kanuni. Barua nyingi za wanafunzi zinakwenda kwa kanuni badala ya mkuu. "Advice" ni ushauri, "advise" ni kushauri. "Licence" ya c ni leseni yenyewe, "license" ya s ni kutoa leseni, kwa maandishi ya Uingereza. Wamarekani huandika s kote. "Lose" ni kupoteza, "loose" ni kilicholegea. "Receipt" ni risiti, "recipe" ni maelekezo ya mapishi. Na kama umekulia kwa watu ambao kwao kula na kura zinasikika sawa, "collect" na "correct" zitakusumbua hivyo hivyo, basi ziandike daftarini ukurasa wa kwanza: "collect" ni kuchukua, "correct" ni kusahihisha.

Ukimaliza barua yako, isome mara moja kwa ajili ya jambo moja tu: "he" na "she". Yeye wetu hana jinsia, kwa hiyo mkono huandika lolote linalotangulia. Nimeona barua ya kumpendekeza binti mmoja ambayo aya ya kwanza ni mwanamke na ya pili ni mwanamume. Pita na kalamu, zungushia kila "he", "she", "his" na "her", hakikisha wote ni mtu yule yule.

Kisha nenda chini kabisa, kwenye kuaga. Kama ulianza na "Dear Sir" au "Dear Madam" bila jina la mtu, malizia na "Yours faithfully". Kama ulianza kwa jina lake, malizia na "Yours sincerely". Acha nafasi ya vidole vitatu kwa sahihi, andika jina lako kamili na namba ya simu. Chini yake orodhesha ulivyoambatisha. Kijana wa Jumatatu tulimwandikia "copies of my certificates", akasaini hapo hapo kaunta, akakimbilia gari la Posta.